Bakora, magongo, kitembezi au kiti cha magurudumu: kipi kinamfaa mzee wako?

Kiti cha magurudumu tulichomnunulia mama hakikupita mlango wa choo. Tulichangishana ndugu watatu, tukakinunua Dar es Salaam, tukakipakia kwenye basi mpaka Pangani, na katika wote hao hakuna aliyekumbuka kupima mlango. Mama alikuwa ametoka hospitali baada ya kuvunjika nyonga. Alianguka alfajiri, uani, akienda kutia udhu. Akafanyiwa upasuaji, akaruhusiwa kurudi nyumbani. Sisi tulijua jambo moja tu, kwamba hawezi tena kutembea kama zamani, basi apate kiti. Tena kiwe kizuri, cha bei kubwa, asije akajiona ametupwa.

Siku ya tisa alikuja kijana mmoja mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Akamwamkia, akamshika mkono, akamsimamisha taratibu. "Bibi, hebu piga hatua mbili uje kwangu." Mama akapiga nne. Yule kijana akatugeukia sisi wanawe: "Huyu anasimama. Mkimzoesha kukaa humu, baada ya miezi michache mtakuwa mmemnyang'anya miguu."

Kiti tukamwazima jirani. Mama akaanza na kitembezi, kile kiunzi cha bomba chenye miguu minne ambacho wengi tunakiita woka, na baada ya miezi mitano akahamia kwenye mkongojo. Tangu hapo nimelipitia jambo hili mara mbili zaidi: kwa mjomba wangu wa Tanga, mwenye goti lililosagika, na kwa shangazi aliyepata kiharusi akiwa Temeke. Wazee watatu, vifaa vitatu tofauti, na kila mara tulianza kwa kukosea. Nayaandika haya kwa ajili ya yeyote aliye dukani sasa hivi, au anayetaka kumtuma mtu dukani, bila kujua aulize nini.

Kabla ya duka

Wanaotafuta cha kushikia ni wa aina mbili, na familia nyingi huwachanganya. Wa kwanza ana maumivu au udhaifu: mguu haubebi uzito wake. Wa pili miguu yake ina nguvu, lakini mizani ya mwili imepotea; anayumba, anapapasa ukuta, anaogopa kugeuka. Mwenye goti bovu anataka kupunguziwa mzigo. Mwenye kuyumba anataka kupanuliwa mahali anaposimamia, pasiwe nyayo zake mbili tu. Mkongojo mmoja hupunguza mzigo kiasi na kupanua msimamo kidogo. Kitembezi hufanya yote mawili kwa wingi zaidi, lakini hudai mikono yote miwili.

Kuna pia mzee ambaye hahitaji kifaa kwanza, anahitaji daktari. Anayepata kizunguzungu kila akiinuka kitandani huenda presha yake inashuka ghafla anaposimama. Dawa za presha na dawa za usingizi zinaweza kuchangia. Kupima ni rahisi, hata zahanati wanaweza: apimwe akiwa amelala, kisha asimame, apimwe tena baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, arudi kwa aliyemwandikia dawa ziangaliwe upya, msizikatize wenyewe. Mwenye mtoto wa jicho haoni kizingiti, na hakuna bakora itakayomwonyesha. Huyo aanzie kwa daktari wa macho. Mwenye kisukari cha miaka mingi nyayo zinaweza kufa ganzi kiasi kwamba ndala inamvuka njiani asijue. Kwake viatu vinavyofunga kisigino vinakuja kabla ya fimbo.

Nasisitiza hili kwa sababu tuna mazoea ya kusema "mzee ameteleza kidogo tu". Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na kundi linalopoteza watu wengi zaidi ni la wenye umri wa zaidi ya miaka 60.

Kipimo kimoja mnaweza kukifanya nyumbani. Weka kiti imara chenye mikono, pima mita 3 kutoka hapo, chora alama kwa chaki. Mzee akae, ainuke, atembee mwendo wake wa kawaida mpaka kwenye alama, ageuke, arudi, akae. Akitumia sekunde 12 au zaidi, yumo kwenye hatari ya kuanguka. Simama karibu naye, usimguse, usimhimize. Mimi nayaamini macho zaidi ya saa: anainuka kwa kujirusha au kwa utulivu? Akigeuka, anageuka kwa hatua moja au anasaga miguu mara tano sita? Shangazi alikuwa anatembea vizuri kwenda na kurudi, lakini kwenye kugeuka ndipo alipokuwa anayumba, na tusingelijua hilo bila ile alama ya chaki.

Mkongojo wa kawaida au fimbo ya miguu minne?

Huku pwani bakora ina heshima yake. Mwanamume mtu mzima huenda nayo msikitini, harusini na barazani, na hakuna anayemwona mgonjwa. Mjomba tulimpelekea fimbo ya alumini kutoka duka la vifaa vya hospitali, akaitazama, akaiegemeza ukutani, akatuambia, "Wanangu, mimi siumwi." Lakini bakora ya mninga ya marehemu babu aliipokea siku ile ile tulipoitoa kabatini. Na kwa kweli haikuwa na kasoro ila mbili: ilikuwa ndefu kwake, na haikuwa na mpira chini.

Urefu hupimwa hivi. Mzee asimame wima, avae viatu anavyotembelea kila siku, mikono ining'inie ubavuni. Geuza bakora juu chini, kishikio kiguse sakafu. Tia alama pale fimbo inapofikia mkunjo wa kifundo cha mkono. Toa kidogo kwa ajili ya unene wa mpira, kisha kata. Akiishika, kiwiko kitakunjika kiasi cha nyuzi 15 hadi 30. Ikiwa ndefu, bega hupanda na mkono hauna nguvu ya kusukuma. Ikiwa fupi, mzee huinamia upande, mgongo nao ukaanza kuuma. Ya babu tuliikata sentimita 6. Mjomba alisimama pale kwa seremala kimya kabisa, na alipoijaribu ndipo akasema, "Sasa inanibeba."

Kwa Waislamu kuna jambo dogo la kuzingatia: msikitini viatu vinavuliwa, na mwenye soli nene hujikuta bakora imekuwa ndefu ghafla. Fimbo ya alumini yenye vitundu vya kurekebishia ina faida hapo, ingawa sijaona mzee anayeirekebisha mlangoni pa msikiti. Dawa ni soli nyembamba.

Mpira wa chini si urembo. Mti mtupu juu ya vigae vilivyolowa hauna mshiko wowote. Na mpira wenyewe huisha kama tairi. Mistari ikishafutika, ununuliwe mwingine.

Kisha mkono. Hapa ndipo nimeona makosa mengi kuliko mahali pengine popote, hata kwa watu waliotumia fimbo miaka mingi. Fimbo hushikwa mkono wa upande mzima, si upande unaouma. Goti la kulia ndilo bovu? Mkono wa kushoto ushike. Tunapotembea, mkono wa kushoto huenda pamoja na mguu wa kulia, kwa hiyo fimbo na mguu mgonjwa vinatua chini kwa wakati mmoja na kugawana mzigo. Pia fimbo ikiwa mbali na nyonga mbovu, misuli ya nyonga ile haivuti kwa nguvu nyingi ili mwili usilalie upande. Mjomba alikuwa ameizoea upande wa goti bovu kwa miaka miwili. Kuhama kulimchukua wiki nzima ya kujikumbusha. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda. Kwenye kushuka, fimbo na mguu mgonjwa hutangulia.

Fimbo ya miguu minne ni mfano wa mkongojo uliowekewa kitako. Inasimama yenyewe ukiiachia, inabeba zaidi, na inatumia mkono mmoja tu. Kwa shangazi ndiyo iliyokuwa jibu. Kiharusi kilimdhoofisha upande wa kushoto, mkono wa kushoto hauna mshiko, kwa hiyo kitembezi cha mikono miwili kilikuwa hakimfai hata kidogo, ingawa ndicho tulichokuwa tumekwisha kumnunulia. Upande wa kitako ulionyooka ukae karibu na mguu wake, na vile vimiguu vinavyotanuka vielekee nje. Ukigeuza, atajikwaa kwenye fimbo yake mwenyewe.

Udhaifu wake ni ardhi. Miguu minne inataka itue yote kwa pamoja. Kwenye sakafu ya saruji haina mpinzani. Kwenye changarawe, mizizi ya miembe au kifusi, mguu mmoja huelea, fimbo inatikisika, na kifaa kilichonunuliwa kuzuia kuyumba kinageuka kuwa chanzo chake. Ngazi nyembamba nazo haziwezi kupokea kitako kizima. Kwa hiyo shangazi huitumia ndani na barazani. Akitoka nje, mtu hukaa upande wake dhaifu. Mjomba, ambaye mizani yake ni nzuri na tatizo ni goti, mkongojo wa kawaida unamtosha kila mahali, pamoja na ile njia mbovu ya kwenda sokoni.

Magongo au kitembezi?

Magongo ya kwapani ndiyo unayoyaona kila mahali, na kwa kijana aliyevunjika mguu kwenye bodaboda yanafaa. Kwa mzee, nasema wazi, nayaogopa. Yanadai mabega yenye nguvu, mizani nzuri na mpangilio wa hatua ambao hata mtu mwenye afya hujifunza kwa taabu. Mzee akichoka huning'inia kwa makwapa, na kwapani hupita mishipa ya fahamu ya mkono. Ikibanwa muda mrefu, mkono hufa ganzi na kiganja hushindwa kunyanyuka. Kama hakuna kingine, basi kati ya kwapa na kichwa cha gongo pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu, na uzito ubebwe na viganja. Magongo ya kiwiko, yenye pete inayoshika mkono chini ya kiwiko, ni afadhali kwa mzee mwepesi mwenye mikono imara. Hao ni wachache.

Kitembezi kinampa mzee kitu ambacho gongo halimpi: utulivu wa moyo. Baada ya kuanguka, mama hakuwa anazuiwa na maumivu tena, alikuwa anazuiwa na hofu. Alishika ukuta, alishika meza, alishika kanga ya dada yangu. Alipoingia ndani ya kile kiunzi, chenye bomba mbele na ubavuni, hofu ilipungua siku ile ile.

Urefu wake hupimwa kama wa mkongojo, pale kwenye mkunjo wa kifundo. Mwendo nao una utaratibu: kitembezi kisogezwe mbele kwa hatua moja, miguu yake yote itulie chini, mguu mgonjwa uingie, mzima ufuate. Asiingie ndani mpaka tumbo liguse bomba la mbele, maana uzito utarudi nyuma na ataanguka chali. Na asiinuke kwa kukivuta. Hapo ndipo mama alipokaribia kuanguka mara ya pili: alikishika akiwa bado amekaa, akakivuta, kikamjia. Ajisukume kwa mikono ya kiti, asimame, atulie, ndipo akishike. Kwa sababu hiyo mzee wa kitembezi hatakiwi kukaa kwenye kigoda wala mkekani. Anataka kiti cha urefu wa kutosha chenye mikono. Kile cha plastiki chepesi kinachoteleza kwenye vigae kiegemezwe ukutani, na bora zaidi kiondolewe.

Kinachouma ni kwamba mikono yote miwili imeshikwa. Mama alikuwa mtu wa kujiandalia chai yake, na sasa hakuweza kubeba hata kikombe. Dada alimshonea mfuko wa kitambaa wa kuning'iniza mbele: simu, tasbihi, dawa, chupa ndogo ya maji. Usijazwe, kwa sababu mzigo mzito mbele hukiinamisha kiunzi. Kanga nayo ifungwe juu kidogo ya kifundo cha mguu, na mikeka yote ya njiani ikunjwe. Ngazi kitembezi hakipandi, na asijaribu kuzipanda nacho.

Chenye magurudumu au kisicho nayo?

Kuna vya aina tatu. Kisicho na gurudumu ndicho imara kuliko vyote, lakini kukinyanyua kila hatua kunachosha, na mwenye moyo dhaifu au kifua kibovu hafiki mbali. Chenye magurudumu mawili mbele husukumwa tu. Akikiegemea, mipira ya nyuma inashika sakafu. Ndani ya nyumba yenye sakafu laini, mimi ningekichagua hiki kwa wazee walio wengi.

Cha tatu ni kile cha magurudumu manne, chenye breki za mkononi na kijikiti cha kupumzikia. Ndicho ndugu zetu wa Muscat au London wanachopenda kutuma, kwa sababu huko wanakiona kila mtaa. Ni kizuri kwa mzee anayetembea sawa ila anachoka na anahitaji kupumzika njiani, palipo na lami au njia ya saruji. Si cha mzee anayehitaji kuegemea. Ukikilalia, kinakimbia. Breki zinahitaji mkono wenye nguvu na kumbukumbu nzuri, kwa sababu lazima zifungwe kabla ya kukaa kwenye kile kijikiti. Mzee aliyeanza kusahau asipewe hiki hata kama kimetumwa kwa mapenzi makubwa. Kwa mwenye ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa, suala lina undani wake: kunyanyua kiunzi kila hatua kunaweza kumfanya agande palepale, na chenye magurudumu kinaweza kumkimbia. Huyo achaguliwe na mtaalamu wa mazoezi, akiwa amemwona anatembea.

Na mchanga? Uani kwetu Pangani ni mchanga mtupu. Tuliazima kitembezi cha magurudumu mawili, kikazama kabla hajafika mti wa mlimao. Kisicho na gurudumu kilipita, kwa shida. Kilichomsaidia mama kuliko kifaa chochote kilikuwa njia ya zege ya upana wa mita moja kutoka mlango wa nyuma mpaka chooni, tuliyoimwaga kwa siku mbili na fundi wa hapo mtaani. Tukaongeza bomba la kushikia ukutani, na taa. Laiti tungeanza na zege, kabla ya kile kiti.

Fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea kitembezi cha bomba kwa bei ndogo. Kitakuwa kizito na hakirekebishiki, kwa hiyo mzee mwenyewe apimwe kwanza, ncha zote zifunikwe kwa mpira, na sehemu za kuchomelea zipigwe msasa. Sikidharau. Kitembezi cha kwanza tulichouziwa dukani kilikuwa na kitufe kimoja cha urefu ambacho hakikufunga sawasawa. Mguu ule ukaingia ndani mama akiwa amekiegemea. Dada alikuwa karibu, akamdaka. Kwa hiyo, popote utakaponunua, bonyeza vitufe vyote vinne, kisha kiegemee wewe mwenyewe kwa uzito wako wote kabla ya kulipa.

Kiti cha magurudumu: lini, na cha namna gani?

Nisije nikaeleweka kwamba nakipinga kiti. Kwa asiyeweza kusimama, kiti ndiyo miguu yake. Na kwa anayeweza hatua chache tu, kiti kinamrudisha kwenye watu: mama alikwenda harusi ya mjukuu wake akiwa kwenye kiti kile kile tulichomwazima jirani, kwa sababu ukumbi ulikuwa mbali na gari linaposimama, kisha akatembea kwa mkongojo mpaka kwa bibi harusi. Mbali kwa kiti, karibu kwa miguu. Mpangilio huo unafaa wazee wengi kuliko familia zinavyodhani, na hauhitaji kuchagua kimoja milele.

Kosa letu lilikuwa kununua kiti kama mtu anunuavyo meza. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani, ule wa mwaka 2008 na mpya wa 2023, inakazia kwamba mtumiaji atathminiwe, apimwe, kiti kirekebishwe kwake, na yeye na wanaomtunza wafundishwe kukitumia. Upana wa kikalio ulingane na nyonga zake. Kikiwa kipana, anainamia upande na mikono haifiki vizuri kwenye magurudumu. Nyuma ya goti pabaki nafasi ya vidole viwili hadi vitatu. Mapaja yalale sawasawa kwenye mto, na nyayo zikae kwenye vikanyagio, zisining'inie.

Kile kiti cha kukunja chenye kitambaa chembamba cha kukalia, kinachouzwa kila mahali, asili yake ni kuhamisha mgonjwa kutoka wodi moja kwenda nyingine. Ukimkalisha mzee humo kutwa bila mto wa maana, ngozi ya makalio inabanwa kati ya mfupa na kitambaa, damu haipiti, kidonda kinaanza. Asaidiwe kuinuka au kuegemea mbele na pembeni angalau kila nusu saa, na kila jioni mkague makalio, sehemu ya chini ya mgongo na visigino. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu. Tafuta palipokoza rangi, penye joto au ugumu kuliko pembeni yake. Ukipaona, asikalie tena sehemu hiyo, na aonwe na muuguzi.

Ardhi nayo ina neno. Vile vigurudumu vidogo vya mbele vinakwama kwenye mchanga, mashimo na vizingiti. Viko viti virefu vya magurudumu matatu, lile la mbele likiwa kubwa, vilivyobuniwa kwa njia za vijijini. Vinavuka palipowashinda vile vya kawaida, lakini ndani ya nyumba ndogo havigeuki kwa urahisi. Mzee wa shamba anayetaka kufika msikitini au kanisani peke yake atakipenda. Mzee wa chumba na sebule pale Temeke hatapata pa kukizungushia.

Kwa kupimwa, msianzie dukani. Tanzania kuna kitengo cha viungo cha hospitali ya CCBRT kule Msasani, Dar es Salaam, na hospitali ya KCMC ya Moshi, ambako mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi husomeshwa katika chuo cha TATCOT. Kenya kuna APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo kilichoanza mwaka 1958, chenye karakana zake za vifaa. Kwa aliye mbali na miji hiyo, ulizeni hospitali ya wilaya au ya mkoa kama ina mtaalamu wa fiziotherapia. Dakika kumi zake ndizo zilizotuokoa sisi. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, kwa hiyo mkifika hospitali ya serikali ulizieni dirisha la wazee, msimsimamishe kwenye foleni ndefu mtu ambaye mmemleta kwa sababu hawezi kusimama.

Nikiambiwa nimchagulie

Goti au nyonga inauma upande mmoja, mizani nzuri: mkongojo wa kawaida, mkono wa upande wa pili, na kama ana bakora anayoipenda, ikatwe ile ile. Kiharusi, mkono mmoja unafanya kazi: fimbo ya miguu minne, kwenye sakafu iliyosawazishwa. Ametoka kwenye upasuaji wa nyonga, au anayumba na kuogopa: kitembezi, kisicho na gurudumu kwenye uwanja wa mchanga, cha magurudumu mawili kwenye vigae. Anatembea vizuri ila hafiki mbali: cha magurudumu manne kama mikono na akili viko sawa na njia ni nzuri, la sivyo mkongojo na vituo vya kukaa njiani. Hasimami kabisa: kiti kilichopimwa, pamoja na mto. Magongo ya kwapani yawe ya mwisho.

Mzee mwenyewe aulizwe, tena kwa adabu na si mbele ya wajukuu. Kifaa alichokataa kitabaki pembeni ya kabati, naye ataendelea kushika kuta. Kama mama alivyoniambia baadaye, kile kiti cha kwanza hakikumuudhi kwa kuwa kilikuwa kibaya. Kilimuudhi kwa sababu kilifika nyumbani kabla hatujamuuliza.

Na chochote mtakachochagua kiangaliwe tena baada ya wiki sita, kwa sababu mtu hubadilika. Mama alikuwa tayari kwa mkongojo karibu mwezi mzima kabla sisi hatujagundua. Tulimkuta amekibeba kitembezi kwa mkono mmoja.

Leo jioni, kabla ya kuagiza chochote, chukua futi ya fundi cherehani. Pima upana wa mlango wa choo, ule wa chumba cha kulala na ule wa mbele. Pima kimo cha kila kizingiti. Mvalishe mzee viatu vyake, pima kutoka mkunjo wa kifundo cha mkono mpaka chini. Andika ni upande gani wa mwili ulio dhaifu na ni mkono upi wenye mshiko. Karatasi hiyo ndiyo aende nayo yule mnayemtuma dukani.